Gharama za Kesi Niliyomshinda Ndugu Yangu

Bismillahi. Niinueni kidogo mniegemeze ukutani, mto mwingine uwekwe hapa ubavuni, na wewe mwanangu Badrul zima hiyo feni, maana upepo wake unanimeza maneno. Nataka wote mkae mahali nitakapowaona nyuso. Shahrom, mwanangu mkubwa, sogea karibu na miguu yangu, usikae mlangoni kama mtu aliyeacha gari linanguruma. Norlia, kitindamimba wangu na binti yangu pekee, njoo hapa mkono wa kulia, kwa sababu mengi ya leo yatakuangukia wewe. Na wewe Bi Temah, jirani yangu, kaa hivyo hivyo ulivyo, uwe shahidi. Nimeshaswali alasiri nikiwa nimelala, akili yangu ni timamu, na daktari ameniambia ukweli kwa sababu nilimwapisha aniambie. Huu ndio wosia wangu. Mwenye la kusema aseme ninapopumzika, kabla ya hapo anisikilize.

Mambo mepesi niyamalize kwanza. Nyumba hii na mashamba ya mpunga yaliyo chini yake ni mali ya ukoo, inapita kwa wanawake, nami niliipokea kwa mama yangu kama yeye alivyoipokea kwa mama yake, kwa hiyo inakwenda kwa Norlia, na nyinyi wanaume mmelijua hilo tangu mlipotahiriwa. Bustani ya midoriani kule kilimani ni jasho langu na la marehemu baba yenu, hiyo mgawane kwa sheria ya Mwenyezi Mungu mbele ya kadhi, wala msikadirie kwa macho. Cherehani apewe mke wa Badrul, ambaye hajawahi kuniomba lakini kila akija hunifutia vumbi lake.

Sasa lile zito.

Shahrom, juzi ulikwenda mjini kwa wakili. Usiniangalie hivyo, hakuna aliyekuchongea. Wewe mwenyewe uliongea kwenye simu pale sebuleni ukidhani mama amelala, nami siku hizi silali, nafumba macho tu. Nilikusikia ukisema hukumu ya ile kesi bado iko hai, itekelezwe kabla mwenye nayo hajafa, na kwamba mjomba wenu Maarof siku hizi ana kile kishamba cha mpira kule alikokuwa ameoa, kiuzwe kwa mnada kufidia gharama za kesi zilizobaki. Ulisema kwa sauti ya mtu anayetafuta haki yake. Na kwa upande mmoja haki unayo, nitalifikia hilo, sitaki utoke hapa ukisema mama alikudhulumu. Lakini kishamba kile ndicho anachokula mjomba wenu. Akikikosa, mtu wa umri wake atakuwa wa kukaa kwenye ngazi za msikiti akingoja chakula cha shughuli za watu. Kwa hiyo leo, kabla pumzi haijanikatika, sina budi kuamua nani analipa gharama za ile kesi, jambo ambalo jaji aliliamua kabla wino haujakauka na mimi nimelibeba kifuani tangu siku hiyo.

Nianze lilipoanzia, maana Badrul ulikuwa mbali, Norlia ulikuwa chuoni, na mlichokisikia mlikisikia kwangu, na mimi nilikuwa nasimulia huku nikijipendelea.

Maarof ni mdogo wangu wa tumbo moja. Nilimbeba kiunoni mpaka mama akawa ananigombeza kwamba mtoto huyu atasahau kutembea. Alipooa alihamia kwa mkewe Rogayah, kama wanaume wote wa kwetu, na Rogayah alipofariki bila mtoto, ndugu zake walimrudisha Maarof hapa kwa heshima, na nguo zake, na pikipiki yake, na vizimba vyake vya tetere. Mama alikuwa bado hai, amelala chumba hiki hiki. Akamwambia mbele yangu ajenge kibanda ukingoni mwa shamba, akae pale mpaka Mungu atakapomchukua. Na ni Maarof aliyemgeuza mama kitandani, akamkata kucha, akamlisha uji, wakati mimi niko sokoni nauza vitambaa na kujisifu kwa wateja kwamba namuuguza mama yangu.

Mama alipozikwa, Maarof akachimba bwawa la kambare. Hakuniuliza. Alichimba pale pale tulipokuwa tunaanikia mpunga, na ukame ulipokuja bwawa likanuka, wageni wakawa wanakula kwangu wameziba pua kwa ustaarabu, wakijifanya wanapangusa jasho. Nikamwambia alifukie. Akasema subiri samaki wakue. Tukaenda hivyo, subiri na fukia, mpaka kwenye harusi ya binti yako Bi Temah, unakumbuka, watu wamekaa wanakula, mimi nikasema kwa sauti ya kila mtu asikie kwamba mwanamume asiye na mke wala ardhi hana haki ya kuchimba hata shimo la kumzikia paka. Maarof akanawa mkono wake taratibu, akasema, "Dada, nyumba ni ya mama. Wewe umeachiwa funguo tu." Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kama watu walioshiba, lakini kicheko kile kilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Maneno niliyotangulia kuyasema mimi niliyasahau kabla ya kufika nyumbani. La kwake sikulisahau.

Njia ilikuwa wazi. Ilikuwa niende kwa buapak, mzee wa ukoo wetu, Tok Lasim, pale ng'ambo ya mfereji. Angetuita wote wawili, angetunywesha ile kahawa yake chungu, angetuuliza mambo ya utotoni mpaka tuone haya, na atakayeonekana amekosa angepika wali wa manjano na kuku, akaleta, tukala sote, shauri likaishia hapo. Kwetu gharama za kesi zilikuwa ndiyo hizo, sinia moja la wali. Sikwenda. Niliwaambia watu kwamba Tok Lasim atampendelea Maarof kwa sababu wanashindanisha sauti za tetere pamoja. Mungu ananijua, sababu haikuwa hiyo. Niliogopa ataniambia nipike mimi. Nikataka kuambiwa nina haki na mtu aliyevaa joho, kwa karatasi yenye mhuri, mbali na wanaonijua. Shahrom akatoa pesa ya wakili. Hakuitoa kwa tamaa, aliitoa kwa sababu nilimlilia kwenye simu.

Na hoja yetu mahakamani ilikuwa nini? Wakili wetu, Bwana Pereira, aliijenga yote juu ya ada, yaani mila yetu. Ardhi ni ya ukoo, alisema, na kwa ada ya watu hawa ardhi ya ukoo inashikwa na wanawake, na mwanamke wa nyumba hii ni mteja wangu. Nikapanda kizimbani, nikashika msahafu, nikaapa kwamba hivyo ndivyo ilivyo tangu enzi za bibi zetu. Ya kibanda nilipoulizwa, nikasema mama alikuwa mgonjwa, maneno ya mgonjwa yalikuwa hayaeleweki. Yalikuwa yanaeleweka, wanangu. Alikuwa anaongea kama mimi ninavyoongea sasa.

Siku ya hukumu jaji alisoma kwa muda mrefu. Alikuwa mwanamke mpole, ana kikohozi. Maarof afukie bwawa, aondoke, asikanyage tena kiwanja hiki. Nikadhani yameisha, nikaanza kuchukua mkoba wangu. Ndipo akavua miwani akauliza habari ya gharama. Sikujua kama gharama ni jambo la kuulizwa. Wakili wa Maarof, kibinti cha msaada wa kisheria ambacho soli ya kiatu chake ilikuwa imebanduka, akasimama akasema hawa ni ndugu wa tumbo moja, mteja wangu ni mgane, naomba kila upande ubebe gharama zake. Jaji akamgeukia Bwana Pereira, na Bwana Pereira akaniinamia sikioni akasema kwamba kwa kawaida aliyeshindwa humlipa aliyeshinda, lakini mama ukitaka tuyaache, mahakama itafurahi, niambie tu.

Lilikuwa neno moja. Hata bila kusema, ningeitikia kwa kichwa tu. Nikasimama bila kuitwa, nikasema, mpaka karani akaacha kuandika, "Alipe. Asingechimba bwawa tusingefika hapa."

Jaji akaandika. Na nyuma yangu nikamsikia Maarof anacheka puani, akasema, "Haya dada. Bili umejiandikia mwenyewe." Karani akamnyamazisha. Mimi nikadhani ananikejeli, nikatoka nje nimeinua kidevu, nikanunua peremende za kuwagawia watoto wa njiani.

Hakuwa na cha kulipa. Nikamruhusu Bwana Pereira amtume dalali wa mahakama. Wakaja na lori, wakaichukua ile pikipiki aliyokuwa akibebea mpira, na wale vijana walikuwa hawajui kufunga kamba, basi Maarof mwenyewe akapanda nyuma ya lori akawafungia. Akawaambia, mkiifunga mlivyoifunga itaanguka kwenye kona ya shule, na huko watoto ndio wanatoka. Mimi nilikuwa nachungulia nyuma ya pazia. Kisha akabeba vizimba vyake akaondoka kwa miguu. Pikipiki haikufika hata nusu ya deni, na kile kilichopatikana, naomba Mungu anisamehe, nilikifanyia shughuli ya kushukuru. Niliwalisha watu na nikasomewa dua kwa pikipiki ya ndugu yangu.

Tok Lasim alikuja kwenye shughuli ile. Hakula. Aliomba maji, akakaa pale barazani, akanisubiri nipite na upawa mkononi, akaniita. "Saodah," akasema, "nikumbushe mimi mzee, nimeanza kusahau. Mwanamume akiwa kwa mkewe, deni lake ni la nani?" Nikamjibu kama mwanafunzi, kwa sababu kila mtoto wa kwetu analijua hilo, nikasema ni la nyumba ya mkewe. "Na mke akifa, akarudishwa kwao?" Nikasema deni lake ni la nyumba ya mama yake. Akanywa maji kidogo. "Na mwenye nyumba ya mama yake Maarof sasa ni nani?"

 Mchuzi ulikuwa unanidondokea mguuni, nami sihisi kitu.

"Nimekuwa buapak muda mrefu," akasema, "nimeona watu wanadai watu. Mtu aliyekodi wakili mjini ili ajidai mwenyewe, ndiyo kwanza namwona." Hakuwa mkali. Alikuwa karibu kucheka, na hapo ndipo nilipochomwa zaidi. Nikamwambia sheria ni sheria, kama hakubali akamuulize jaji. Akamaliza maji yake, akaiombea nyumba hii baraka, akashuka ngazi. Sikuwahi kwenda kumwomba radhi. Alifariki mwezi wa Shabani uliofuata, nami nilimpelekea sanda nzuri, kama kwamba sanda ni radhi.

Nipeni maji. Kidogo tu, kwa kijiko.

Sasa mmeona nilipokosea. Kosa langu si kushinda. Nilishinda kwa ada, nikaapa kwa ada, nikachukua ardhi kwa mkono wa ada, kisha lilipokuja suala la nani analipa nikaitupa ada dirishani nikakimbilia kanuni ya mjini. Nilitaka nyumba ya mama bila watu wa mama. Na mwanamke anayepokea nyumba hii hupokea vyote viwili, paa na wanaume waliozaliwa chini yake, na aibu zao na madeni yao. Hilo Norlia ndilo nililotaka ulisikie kwa kinywa changu, usije ukaambiwa na mzee mwenye glasi ya maji.

Unasema nini, Shahrom? Rudia, sauti yako imekuwa ya ndani. Ndiyo. Ndiyo, mwanangu, najua. Pesa ile ilikuwa ya kuanzia nyumba yako, na mpaka leo unakaa nyumba ya kupanga, na mkeo hajanisamehe, namwona anavyonimiminia chai. Hujasema uongo. Lakini angalia vizuri nani anadaiwa. Wewe hukumkopesha Maarof. Ulinikopesha mimi. Na deni la marehemu hulipwa kabla ya mirathi, hata mtoto wa madrasa anajua, basi nakulipa sasa nikiwa naona. Norlia, fungua kabati, toa kile kitambaa cha kijani. Zile bangili za dhahabu. Mpe kaka yako.

Najua nilikuahidi. Najua nilikuvalisha ukiwa mdogo, zikakuteleza mpaka kwenye kiwiko, ukalala nazo. Sema, binti yangu.

Mmemsikia. Anasema, "Mama, kesi ilipofunguliwa mimi hata sikuulizwa." Kweli. Hukuulizwa, na ndiwe unayelipa.  Nimekutwika mzigo nilioufunga mimi kwa hasira zangu, na kama unataka kuukataa, ukatae leo niko hai, nitauza kitu kingine, nitamwomba Shahrom asubiri mavuno, lakini kishamba cha mjomba wako hakitauzwa. Nakuuliza sasa, mbele ya Bi Temah. Unaipokea nyumba pamoja na madeni yake?

Alhamdulillahi. Alhamdulillahi. Hata kwa kununa, nimeridhika. Mimi niliipokea kwa tabasamu nikaiharibu.

Na wewe Shahrom usizisukume hizo bangili. Zipokee. Usinihurumie kwa sababu ninakufa, kesho kutwa mkeo atakuuliza na utajuta. Zikipungua, Norlia atakumalizia kwa mpunga, mwaka kwa mwaka, na wewe Badrul unayecheka chini kwa chini huko pembeni, wewe ndiye utakayemnunulia mjomba wako pikipiki. Eti nini? Achukue yako? Yako breki hazishiki, unataka nimtangulie au anitangulie? Mnunulie nzima.

Halafu mwende kwa Bwana Pereira. Hapa nisikilizeni kwa makini, maana yeye atataka kuandika kwamba mdai amesamehe gharama. Asiandike hivyo. Msimkubalie. Mtu aliyesamehewa deni hubaki mdeni aliyeonewa huruma, na kila akipita watu watasema yule ndiye aliyesamehewa na dada yake, tazama dada yule alivyo mwema. Sitaki wema wa aina hiyo, nimeutumia sana. Iandikwe kwamba gharama zimelipwa. Zimelipwa zote. Na akiuliza zimelipwa na nani, mwambieni nyumba ya mama yake Maarof, kwa sababu ndiyo kweli. Na amri ya kumzuia kiwanja hiki, mwenye nyumba mpya aiondoe. Mimi nimekwisha kuiondoa kwa ulimi, yeye amalizie kwa sahihi.

Nikifa mnizike pembeni ya mama, upande wa miguu, si upande wa kichwa. Msikodi mahema. Jeneza likiwa limeinuliwa, na yule anayeuliza kama kuna anayemdai marehemu akishauliza, Maarof aulizwe peke yake, kwa jina, kama ameniwia radhi. Kama atasema hapana, msimbembeleze mbele za watu. Nizikeni hivyo hivyo. Nitakwenda kujibu.

Norlia, unadhani sijui kwamba ulimpigia simu mjomba wako. Yuko pale mkahawani kwa Seman, ng'ambo ya barabara, tangu adhuhuri. Bi Temah amenong'ona, lakini Bi Temah akinong'ona anasikika mpaka sokoni. Amekaa pale anautazama ukuta wetu kwa sababu karatasi inasema asivuke. Kila aliyevunja sheria duniani anatembea atakako, na ndugu yangu anaiheshimu hata ile niliyomfungia mimi.

Mungu awape... Shahrom, Mungu akupe nyumba yako, yenye mlango unaofunguka kwa ndani. Badrul, akupe akili ya kuoa mara moja tu. Norlia, akupe moyo mpana kuliko wangu, na binti, akupe binti, nyumba isikose mtu. Mshikane. Mkigombana, na mtagombana, pikeni wali. Upelekeni kabla... kabla haujapoa.

Sioni vizuri. Mvua hii, au ni macho?

Nenda wewe, Norlia. Wewe mwenye nyumba. Usimtume mtu. Mwambie gharama zimelipwa, halafu umshike mkono, atasita pale kwenye mfereji, umshike. Mwambie dada yake hana nguvu ya kwenda, angekwenda.

Norlia. Ngoja.

Usimpitishe mbele. Mbele ni... wanapita wageni. Na wale wa mahakama. Mpitishe jikoni. Mlango wa jikoni, kule anakopita mtu wa nyumbani. Avue viatu... aulize kuna nini cha kula.

Muacheni ale kwanza. Mimi nitamngoja.